Intaneti ya Nyumbani Ikisuasua: Hatua za Kuchukua Kabla ya Kulipia Kifurushi Kikubwa

Wananchi wanaotumia intaneti ya nyumbani wanaweza kuongeza kasi ya huduma hiyo bila gharama, iwapo watabaini kwanza mahali tatizo lilipo kabla ya kulipia kifurushi kikubwa zaidi.

Hatua ya kwanza ni kupima kasi. Mtumiaji anashauriwa kuunganisha kompyuta na ruta kwa waya, apime, kisha arudie kipimo hicho kwa Wi-Fi. Iwapo kasi ya waya inalingana na iliyoahidiwa lakini ya Wi-Fi ni ndogo, tatizo lipo ndani ya nyumba, na kifurushi kikubwa hakitaliondoa. Izingatiwe kuwa watoa huduma hutaja kasi kwa megabiti, ilhali kompyuta mara nyingi huonesha upakuaji kwa megabaiti. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Hivyo, mwenye kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde anayeona megabaiti 2.5 hajapunjwa.

Pili, ruta iwekwe katikati ya nyumba, juu na mahali pa wazi, mbali na friji, kabati la chuma na kuta nene. Ruta inayotumia laini ya simu iwekwe karibu na dirisha ambako mtandao unashika vizuri. Ruta nyingi za kisasa hurusha mawimbi ya gigahezi 2.4, yanayofika mbali, na ya gigahezi 5, yenye kasi zaidi lakini hudhoofishwa haraka na kuta. Vifaa vilivyo karibu na ruta viunganishwe na gigahezi 5.

Tatu, ukurasa wa mipangilio wa ruta huonesha vifaa vyote vilivyounganishwa. Vikionekana visivyojulikana, nenosiri libadilishwe mara moja. Aidha, masasisho makubwa ya simu na kompyuta yapangwe kufanyika usiku wa manane.

Iwapo kasi ya waya nayo ni ndogo, mtumiaji arekodi vipimo vya siku kadhaa kwa nyakati tofauti, kisha awasilishe malalamiko kwa mtoa huduma wake na kutunza namba ya kumbukumbu. Asiporidhika na majibu, anayo haki ya kufikisha malalamiko hayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo ni msimamizi wa sekta hiyo nchini.