Maumivu ya mgongo hayakai mgongoni tu

Mpakani Tunduma mzigo haumsubiri mtu apone. Kuli anainama kidogo, ngata ikiwa shingoni, wenzake wawili wanampandishia gunia la mahindi, anatulia kidogo kulisikilizia, kisha anaondoka kwa hatua fupi fupi. Jioni anapitia duka la dawa kununua diklofenaki, kidonge cha maumivu. Hapo anamkuta dereva wa lori aliyeketi kwenye usukani zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, naye kafuata kidonge hichohicho.

Vidonge vina kazi yake. Lakini kuvimeza kila siku bila kuonana na daktari kunaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo, na wengi wetu hatujawahi kuambiwa kwamba ubongo nao hufundishika kupunguza maumivu.

Mwaka 1965 watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa za maumivu hupita kwenye uti wa mgongo kama malori yanavyopita getini: mara zinaruhusiwa, mara zinazuiwa, na ubongo una kauli hapo. Hofu, kukosa usingizi na mawazo ya ada ya shule huliacha geti wazi. Utulivu hulibana. Hii haina maana kwamba mgonjwa anajifanya. Anaumwa kweli, ila ukali wa maumivu haulingani kila mara na ukubwa wa jeraha.

Mfano wa mtu aliyepambana na maumivu Watanzania tunao: mwanariadha John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki jijini Mexico City, alianguka na goti likateguka. Alifungwa bendeji akaendelea, akamaliza wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliofika mwisho wa mbio, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Ushujaa ule tuuenzi, ila mwenye goti lililoteguka nisingemshauri akimbie.

Namna ya Eliud Kipchoge inaigika zaidi. Mkimbiaji huyo wa marathoni kutoka Kenya hutabasamu makusudi mbio zinapokuwa ngumu. Watu walidhani ni madoido, hadi watafiti wa Chuo Kikuu cha Ulster walipopima na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018: wakimbiaji waliotabasamu walitumia nguvu pungufu kwa zaidi ya asilimia 2 kuliko walipokunja uso. Makuli wanaotaniana na kuhesabu pamoja kabla ya kunyanyua hawako mbali na hapo.

Mwenye maumivu sugu ya mgongo aanze kidogo: avute pumzi taratibu kabla ya kulala, atembee umbali mfupi na kuuongeza siku hadi siku badala ya kujilaza wiki nzima. Ubongo hujifunza kwa kurudiarudia kwamba mwendo ule si hatari. Hayo hayaji kwa siku moja.

Lakini miguu ikifa ganzi, mkojo ukishindwa kuzuilika, au maumivu yakija na homa, achana na mazoezi na duka la dawa. Nenda hospitali siku hiyohiyo.