Mbwa anajua, bundi hajui

Swali hili nimelizoea. Hunijia mnadani Bunda kutoka kwa mtu aliyeshika kamba ya mbuzi wake, hunijia Musoma mjini, na zaidi hunijia msibani: "Daktari, wewe ni mtu wa mifugo. Yule mbwa wa mzee alijuaje?"

Mara ya mwisho niliulizwa Butiama, kwenye mji uliojibanza kati ya miamba. Binti wa marehemu alinieleza kwamba mbwa wa baba yake, ambaye miaka yote alilala zizini, siku tatu za mwisho aliingia ndani na kujikunja chini ya kitanda. Wakimfukuza, anarudi. Wakimtupia mfupa uani, haufuati. "Na usiku uleule, Daktari, bundi alilia juu ya mti," akaongeza, kama anayeleta shahidi wa pili wa kesi ileile.

Kwangu hizo ni kesi mbili.

Nianze na mbwa. Mtu aliye karibu kufa aghalabu ameacha kula. Mwili uliokosa chakula huchoma mafuta yake wenyewe, na katika kuyachoma hutokea kemikali ziitwazo ketoni, ambazo hutoka na pumzi zikiwa na harufu tamu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Figo zikishindwa kazi, pumzi huanza kunuka mkojo. Hata muuguzi mzoefu huzitambua harufu hizi, naye ana pua ya binadamu, yenye chembe za kunusia kama milioni 5 au 6 tu. Mbwa anazo zaidi ya milioni 200. Ongeza miguu inayopoa, pumzi inayokwenda mbio, ikapungua, ikasimama, ikaanza tena, na sauti iliyokuwa ikimwita kila jioni ambayo sasa haisikiki. Sidhani kama kichwani mwa mbwa kuna kitu kiitwacho kifo. Kilichomo ni kwamba mtu wake amebadilika.

Anayedhani natia chumvi aende Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa kama dakika 20, kazi ambayo mtaalamu mwenye hadubini huifanya kwa siku kadhaa. Panya hajui kifua kikuu ni nini. Anajua kwamba harufu fulani humpatia kitafunwa.

Kisa kilichovuma kuliko vyote ni cha paka aitwaye Oscar, aliyeishi katika nyumba ya kutunza wagonjwa huko Providence, Marekani. Mwaka 2007 Daktari David Dosa aliandika katika jarida la tiba la New England kwamba paka huyo alikuwa amejilaza kando ya wagonjwa zaidi ya 25 saa chache kabla hawajakata roho, hata wauguzi wakimwona amepanda kitandani walianza kupiga simu kwa ndugu. Wapo wanaosema alinusa ketoni, wapo wanaosema alifuata blanketi la kupasha joto. Mimi naongeza tahadhari moja: andiko lile lilikuwa simulizi ya daktari, si utafiti wa kuhesabu siku ambazo Oscar alilala kwa mgonjwa na mgonjwa akaamka mzima.

Kutambua ni jambo moja, kufariji ni jingine. Hapo namtaja tembo, ingawa najua mkulima wa Bunda aliyekesha akipiga madebe kulinda mahindi yake hataki kusikia habari za huruma ya tembo. Tarehe 10 Oktoba 2003, huko Samburu, Kenya, tembo jike mzee aliyepewa jina la Eleanor alianguka. Grace, jike wa familia nyingine kabisa, alimkimbilia, akamwinua kwa pembe zake. Eleanor alisimama akiyumba, akaanguka tena, na Grace alibaki naye giza likiingia, akimsukuma asimame. Eleanor alikufa kesho yake asubuhi. Iain Douglas-Hamilton na wenzake walichapisha habari hizo mwaka 2006, wakaeleza pia jinsi tembo wa familia mbalimbali walivyofika kwenye mzoga ule siku zilizofuata. Grace hakuwa na ketoni za kufuata wala blanketi.

Sasa bundi. Nyumba yenye mgonjwa mahututi ndiyo nyumba pekee ya mtaa inayowasha taa usiku kucha. Taa huvuta wadudu, wadudu huvuta mijusi. Makombo ya chakula cha wanaokesha huvuta panya, na panya ndiye bundi anayemtafuta. Miamba yetu ya Musoma na Butiama ni makazi yake ya siku zote. Huja na kulia miezi yote kumi na miwili, sisi tukiwa tumelala. Usiku wa msiba tuko macho, tunamsikia, tunamkumbuka. Kisha tunampiga mawe, na ghalani panya wanaendelea kula mahindi.

Kwa hiyo bundi aachwe mtini kwake. Na mbwa akitaka kukaa chini ya kitanda cha mgonjwa, msimtoe kwa fimbo, mradi awe mbwa mliyemzoea na amechanjwa kichaa cha mbwa mwaka huu. Sharti hilo silisemi kwa mazoea ya kazi. Mbwa aliyepata kichaa naye hubadilika ghafla: mkali hupoa, mtulivu huwa mkali, mwingine hung'ang'ania watu na kuwalamba. Mate yake yakiingia kwenye kidonda, ni sawa na kung'atwa. Likitokea hilo, osheni mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.