VIJANA NA VYAMA VYETU VYA KUSAIDIANA

Katika pwani ya Kilifi na Malindi vijiji vingi vina chama cha namna fulani: cha mazishi, cha wavuvi, cha kulinda msitu, au cha kuwasaidia watoto wa shule. Aghalabu waliovianzisha walikuwa na nguvu zao; leo wamekuwa wazee, na barazani wengi waketio ni wenye mvi. Watu huuliza: vijana wako wapi? Yafaa tuieleze sababu, na dawa yake pia.

Kwanza tuone hasara iliyopo. Mwaka 2008 misitu ya kaya za Wamijikenda iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Mwaka uliofuata mila za kaya hizo ziliandikwa katika orodha nyingine, ya mambo yanayohitaji kulindwa kwa haraka. Maana yake ni wazi. Mti waweza kulindwa kwa sheria, lakini ujuzi wa mzee hukaa kichwani mwake, na akifa pasipo kumfundisha mwingine, umekwenda naye kaburini.

Mfano wa pili uko Kuruwitu, karibu na Vipingo. Wavuvi wa huko waliona samaki wanapungua, wakaunda chama mwaka 2003, kisha wakatenga sehemu ya bahari ipatayo hekta 30 isivuliwe. Samaki wakarudi, na mwaka 2017 chama hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Lakini kazi ya namna hii haiishi. Kijana ambaye hakuiona bahari ilipokuwa tupu, asipoelezwa, ataona katazo tu; akielezwa na kutiwa kazini, atakuwa mlinzi.

Basi, ni mambo gani yanayowaweka vijana mbali?

La kwanza ni saa. Mkutano wa asubuhi humkosa mvuvi na mwanafunzi. Na tangu Desemba mpaka Machi, wageni wanapojaa Malindi na Watamu, wafanyakazi wa hoteli hawana nafasi. Chama na kiwaulize vijana wenyewe saa iwafaayo.

La pili ni fedha. Kijana asiye na kazi hawezi kulipa kiingilio na ada kwa mara moja. Anaweza kuruhusiwa kulipa kidogo kidogo, au kulipa kwa kazi ya mikono yake.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni heshima. Mara nyingi kijana huitwa kubeba viti na kuchota maji, lakini shauri linapokatwa haulizwi. Atakuja mara mbili, ya tatu haji. Mpeni kazi yenye jina: awe mwandishi wa chama, au naibu wa mweka hazina, akae karibu na mzee anayeijua kazi hiyo.

Wazee wengine huogopa kwamba vijana watakula fedha. Hofu hiyo haiondolewi kwa kuwafungia mlango, bali kwa utaratibu. Fedha zitolewe benki kwa sahihi za watu zaidi ya mmoja, na hesabu isomwe mbele ya wanachama wote. Utaratibu huo humlinda mzee na kijana pia, kwani hata mwenye mvi huweza kushukiwa.

Hata vyama vikubwa vya ulimwengu vimeiona haja hii. Chama cha Rotary, kilichoanzishwa Chicago mwaka 1905, kiliunda tawi la vijana, Rotaract, mwaka 1968. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 yamhesabu kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Kwa hiyo tusemapo vijana hatusemi watoto. Wengi wao wana wake, waume na watoto wa kulea.

Kumvuta kijana ni rahisi kuliko kumweka. Huvutwa kwa mwaliko, lakini hukaa kwa sababu ameona kazi yake imezaa tunda: kisima kimechimbwa, mikoko imeshika, mgonjwa amefikishwa hospitali. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mkutano ujao, kila mzee na aje na kijana mmoja, amketishe karibu naye, na ajenda ya kwanza awe yeye wa kuisema.