Mgeni wa Stoke Mandeville

Dakta Ludwig Guttmann, Myahudi wa Ujerumani, aliingia Uingereza mwaka 1939 akiwa mkimbizi. Mtaji wake ulikuwa ujuzi wa mishipa ya fahamu. Mwaka 1944 alikabidhiwa wodi ya Stoke Mandeville, ya askari waliovunjika uti wa mgongo, ambao wengi walikwisha kuhesabiwa kuwa ni wa kufa tu. Dawa yake ya kwanza haikutoka chupani: mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akaota vidonda vya kulalia. Kazi hiyo nzito waliibeba wauguzi. Mwaka 1945 akapata uraia. Tarehe 29 Julai 1948, majeruhi 16, wawili wao wanawake, walishindana kulenga shabaha kwa mishale, wameketi katika viti vya magurudumu. Hapo ndipo ilipochipuka Michezo ya Paralimpiki.