Uzito wa Mjamzito: Uongezeke Kiasi Gani, na kwa Chakula Gani

Imani kwamba mjamzito hula kwa ajili ya watu wawili imeenea katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, na ingawa haikosi ukweli, ikichukuliwa kuwa agizo la kuongeza sahani ya pili ya ugali au wali katika kila mlo huweza kumdhuru mama pamoja na mtoto aliye tumboni. Mahitaji ya mwili huongezeka kweli wakati wa ujauzito, lakini hayapandi kwa kiwango kimoja: hitaji la nguvu hupanda kidogo, ilhali hitaji la madini ya chuma na la asidi ya foliki, ambayo ni vitamini inayosaidia kuunda damu na viungo vya mtoto, hupanda kwa karibu nusu. Kwa hiyo, kinachopaswa kubadilika zaidi ni aina ya chakula kuliko wingi wake.

Uzito unaoongezeka hauwi mafuta matupu. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa akiwa na kilo 3 hadi 3.5 hivi, kondo la nyuma, yaani kiungo kinachompitishia mtoto chakula na hewa kutoka kwa mama, huzidi nusu kilo, maji yanayomzunguka hukaribia kilo 1, na mfuko wa uzazi uliotanuka huongeza karibu kilo nyingine. Juu ya hayo, ujazo wa damu ya mama huweza kuongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, matiti hukua, na mwili huweka akiba ya mafuta itakayotumika wakati wa kunyonyesha.

Kiasi cha uzito kinachofaa kuongezeka hutegemea hali ya mwili kabla ya mimba, ambayo hupimwa kwa uwiano wa uzito na urefu, yaani uzito kwa kilo uliogawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 55 ana uwiano wa 21.5, ambao ni wa kawaida, lakini mwenzake wa urefu huohuo mwenye kilo 80 ana uwiano unaozidi 31, nao huhesabiwa kuwa unene uliopindukia. Kwa mujibu wa mwongozo uliotolewa mwaka 2009 na Taasisi ya Tiba ya Marekani, ambao hutumiwa na wataalamu wa nchi nyingi, mwenye mimba ya mtoto mmoja na uwiano ulio chini ya 18.5 anashauriwa kuongeza kilo 12.5 hadi 18. Mwenye uwiano wa 18.5 hadi 24.9, kilo 11.5 hadi 16. Mwenye 25 hadi 29.9, kilo 7 hadi 11.5, na mwenye 30 au zaidi, kilo 5 hadi 9.

Ongezeko hilo huja polepole, kwa kuwa katika miezi mitatu ya kwanza, ambayo wengi husumbuliwa na kichefuchefu, kilo 0.5 hadi 2 zinatosha, na baada ya hapo mwenye uwiano wa kawaida huongeza chini kidogo ya nusu kilo kwa wiki. Uzito unaoruka ghafla baada ya wiki ya 20, ukiambatana na kuvimba uso na mikono, maumivu makali ya kichwa au kuona ukungu, huweza kuwa dalili ya hali inayotangulia kifafa cha mimba, na mama anapaswa kufikishwa kituo cha afya mara moja.

Mama anayeongeza uzito mdogo mno yumo katika hatari ya kujifungua njiti au mtoto mwenye uzito pungufu, na anayeongeza kupita kiasi huongeza uwezekano wa kujifungua mtoto mkubwa mno, wa kupasuliwa, na wa kubaki na unene baada ya uzazi.

Katika miezi mitatu ya kwanza mwili hauhitaji nguvu ya ziada, na katika miezi mitatu inayofuata huhitaji takribani kilokalori 340 zaidi kwa siku, kiasi kinachokaribia kupatikana katika glasi moja ya maziwa, yai moja la kuchemsha na ndizi mbivu moja. Sahani ya mjamzito inafaa iwe na ugali, viazi au ndizi za kupika kwa kiasi, pamoja na maharage, samaki au nyama, mboga za majani kama mchicha au matembele, na tunda. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao humpatia mama protini na kalisi kwa bei nafuu, na chungwa linaloliwa pamoja na maharage husaidia mwili kufyonza madini ya chuma, tofauti na chai, ambayo huzuia ufyonzaji huo na hivyo inafaa inywewe mbali na mlo.

Chakula pekee mara nyingi hakitoshelezi hitaji la chuma, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza mjamzito ameze kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma na miligramu 0.4 za asidi ya foliki. Kwa kuwa mfereji unaogeuka kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga katika mwezi wa kwanza wa mimba, asidi hiyo humkinga mtoto na mgongo wazi vizuri zaidi ikianza kutumiwa kabla ya kushika mimba.

Hamu ya kula udongo, ambayo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, haipaswi kushibishwa, kwa sababu udongo huweza kuzuia ufyonzaji wa chuma na kubeba mayai ya minyoo au madini ya risasi. Vilevile, mwiko unaomkataza mjamzito mayai hauna msingi wa kitaalamu, mradi yawe yameiva vizuri.

Hakuna kipimo kimoja cha uzito kinachowafaa wajawazito wote. Mama aanze kliniki mapema, apimwe uzito na damu katika kila hudhurio linalohitaji vipimo hivyo, na familia ihakikishe kwamba yai, samaki na mboga zinafika kwanza kwenye sahani yake.