Mwangalizi au Mtazamaji? Kisa cha Mashua ya Ubundu na Vichekesho vya Waingereza

Ubundu, ambayo wakati wa ukoloni wa Wabelgiji iliitwa Ponthierville, ipo upande wa juu wa maporomoko ya Boyoma, mahali ambapo meli za Lualaba hazina budi kusimama. Kwa sababu ya maporomoko hayo saba ilijengwa reli ya kilomita 125 hadi Kisangani, nayo ilifunguliwa mwaka 1906. Wengi wameujua mji huu kwa reli hiyo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwaka 1951 ulipokea wageni wa namna nyingine kabisa. Mwongozaji wa sinema John Huston alipiga kambi Biondo, kando ya mto Ruiki unaomwaga maji yake katika Lualaba, ili atengeneze The African Queen pamoja na waigizaji Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Hadithi hiyo, iliyotokana na riwaya ya Mwingereza C. S. Forester ya mwaka 1935, inahusu safari ya mashua chakavu katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914. Ni hadithi ya vita, lakini kicheko ni kingi ndani yake.

Kama ilivyo kwa kila sinema mashuhuri, mashabiki wamekusanya mambo madogo madogo kuhusu jinsi hii ilivyotengenezwa: nani aliugua tumbo kwa sababu ya maji, nani alinusurika kwa kunywa wiski. Katika mkusanyo huo kimo kisa kimoja kinachowahusu wenyeji. Husimuliwa kwamba wenyeji waliachiwa kazi ya kuiangalia mashua. Usiku mashua ikazama. Walipoulizwa, ikaonekana wametii amri neno kwa neno, maana waliiangalia tangu ilipoanza kuingia maji mpaka ilipofika chini. Kisha watu hao hao wakatumiwa kuivuta itoke mtoni.

Kisa hiki huchekesha kwa Kiingereza kwa kuwa katika lugha hiyo kitenzi kimoja hubeba maana mbili, yaani kutazama na kulinda. Mwanaisimu hawezi kupita hapo bila kuuliza: je, amri hiyo ilitolewa kwa lugha gani? Ubundu ni nchi ya Walengola, Wakumu na Wagenya, na Kiswahili kilikwisha kuingia huko pamoja na misafara ya pembe za ndovu kabla ya Wabelgiji kuimarisha utawala wao. Tippu Tip alifanywa wali wa Stanley Falls mwaka 1887. Kiingereza hakikuwa na nafasi yoyote katika maisha ya watu hao. Kwa hiyo ama amri ilipitia kwa mkalimani, ama ilitolewa kwa Kiingereza kitupu kwa watu wasiokijua. Kama ilikuwa hivyo, hakuna aliyeelewa vibaya, kwa sababu hakuna aliyeambiwa kitu.

Tuseme ilipitia kwa mkalimani. Kwa Lingala, kotala ni kutazama na kokengela ni kulinda. Njia zimekwisha kuachana. Kwa Kiswahili cha Kongo, mtu wa kulinda kitu huambiwa akichunge, na katika miji mingi ya mashariki mlinzi wa nyumba huitwa zamu. Hapo pia hapana utata. Kimebaki kitenzi kuangalia, ambacho kweli kina maana zote mbili, sawasawa na kile cha Kiingereza. Lakini mama anayemwachia jirani mtoto wake na kumwambia, "Niangalizie huyu," hatarajii kumkuta jirani amekodoa macho huku mtoto akitambaa kuelekea motoni. Muktadha huamua maana. Lugha yenyewe imeweka mpaka katika nomino zake: mwangalizi ni mwenye dhamana, mtazamaji hana dhamana yoyote. Mtu aliyepewa ujira ili akeshe kando ya mashua anajua fika yeye ni yupi kati ya hao wawili. Kwa ufupi, kisa kilitungwa katika Kiingereza na kwa ajili ya masikio ya Kiingereza, kisha kikavishwa watu wa Ubundu.

Mtumishi asiyeelewa amri ni kiungo cha zamani katika vichekesho vya Waingereza, na si haki kusema kwamba hutumiwa daima kwa namna hiyo. Katika Fawlty Towers, mchezo wa televisheni ya BBC wenye vipindi 12 tu, sita vya mwaka 1975 na sita vya 1979, mhudumu wa hoteli ni Manuel, Mhispania wa Barcelona. Aliigizwa na Andrew Sachs, mzaliwa wa Berlin. Katika kipindi cha kwanza bwana wake, Basil, analalamika kwamba siagi ni nyingi mno kwenye sinia. Manuel anayasikia maneno ya mwisho ya Kiingereza kama hesabu ya Kihispania, moja, mbili, tatu, naye kwa adabu anamsahihisha bwana matamshi yake! Tofauti na kisa cha mashua ni kwamba hapa watunzi, John Cleese na Connie Booth, wameuelekeza mshale kwa bwana. Basil hudai kuwa anajua Kihispania safi, na kila akifungua kinywa hudhihirika kwamba hajui.

Hata hivyo mchezo huo ulipotafsiriwa kwa ajili ya Hispania, Manuel aligeuzwa Mwitaliano. Katika tafsiri ya Kikatalani akawa mtu wa Meksiko. Mabadiliko haya yanafundisha kuliko nadharia nyingi za tafsiri. Kichekesho kilivumilika mradi anayechekwa asiwe miongoni mwa waliokaa sebuleni.

Kenya ilifuata njia nyingine. Katika vichekesho vya televisheni kama Vitimbi, Mzee Ojwang alizungumza Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo, na waliomcheka walikuwemo Wajaluo wenyewe. Benson Wanjau, aliyemwigiza na aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Kicheko cha namna hiyo kinamtaka msikilizaji azijue lugha zote mbili.

Kisa cha Ruiki hakijapitia jaribio kama hilo. Anayetaka kukisimulia mjini Ubundu kwa Kiswahili hulazimika kuchagua kitenzi. Akisema "chungeni mashua," mchezo wa maneno umekufa. Akisema "iangalieni," wasikilizaji watashangaa walinzi walikuwa wamekunywa nini. Akisema "itazameni," yumkini kicheko kitapatikana, ila kitamwendea yule aliyekusudia ulinzi akaagiza utazamaji.