Maua ni ya macho, si ya kinywa



Huko Ulaya, baridi inapokwisha, maua yanafunguka na watu wanatoka nyumbani kwenda kukaa katika bustani za mji. Sisi watu wa Lubumbashi hatuna majira hayo, lakini tuna wakati wetu wa maua. Mwezi wa tisa na wa kumi, joto na mavumbi vinatuchosha, mvua haijaanza vizuri. Ndipo jacaranda inavaa rangi ya zambarau, na nyuma yake flamboyant inawaka nyekundu sawa moto. Jacaranda ilitoka Amerika ya Kusini, flamboyant ilitoka Madagaska. Leo ni miti yetu.

Baba, ulishinda juma zima katika kelele ya mashini. Siku ya yenga, shika mama na watoto mkono, mwende kukaa saa moja chini ya miti ile. Hakuna mtu atakayekuomba makuta. Macho yanapumzika, masikio yanapumzika. Na mtu aliyepumzika vizuri anaona hatari mapema akirudi kazini.

Lakini katika bustani kuna ua moja la kuogopa: laurier-rose. Ni mti mdogo, majani yake ni marefu, membamba na magumu, mara nyingi matatu-matatu pamoja. Maua yake ni ya rangi ya waridi, meupe ao mekundu. Ni mzuri sana, na wote ni sumu: jani, ua, mbegu, mti, hata maji yake.

Fikirini jambo hili. Jamaa imekaa, moto umewaka, nyama ya michopo iko tayari, vijiti vimekosa. Baba anaona matawi yaliyonyooka vizuri, anavunja, anachoma nyama. Amewapa watoto wake sumu kwa mkono wake mwenyewe! Moto hauiui sumu ile, na kukausha mti hakuiondoi. Moshi wake pia ni mbaya: msiutie katika mbabula.

Mtu aliyekula laurier-rose anatapika, tumbo linamuuma, anahara, kizunguzungu kinamshika. Kisha sumu inashika moyo: unapiga polepole mno ao unapiga ovyo, na mtu anaweza kufa.

Mfanye hivi:
– Ondoeni mabaki kinywani, msukutue kinywa kwa maji.
– Msimtapishe kwa nguvu. Msimpe mafuta ya ngazi, wala dawa ya nyumbani.
– Mpelekeni hospitali mara moja, hata kama anasema amepona. Msingoje kesho.
– Chukueni tawi lenyewe, mlionyeshe kwa mganga, ajue ni sumu gani.

Na mambo mawili tena. Mavumbi ya mji wetu wa shaba yanakaa juu ya majani na katika udongo: watoto wanawe mikono kwa sabuni mbele ya kula. Na mvua ya kwanza ikija na radi, msijifiche chini ya mti, kimbilieni nyumba.

Mama, kabla ya kutoka nyumbani, uwafundishe watoto neno moja: ua tunaliangalia, hatulitii kinywani. Na wewe baba, vijiti vya michopo uvibebe toka nyumbani.

Yenga njema kwa wote!